Kabla ya Kuuliza Kamera, Uliza Kinachofutika

Ukiingia duka lolote la simu Nairobi, pale Luthuli Avenue, au upande wa Moi Avenue, maswali ni yale yale. Kamera megapikseli ngapi? Betri inakaa? RAM ngapi? Muuzaji ana majibu yote mdomoni, na mengine yamebandikwa kwenye kioo cha simu kwa stika. Husikii mtu akiuliza simu imekuja na programu gani tumboni, na zipi kati ya hizo ataruhusiwa kuzitoa. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza siku hizi, na ndilo linaloamua ninunue ya kampuni gani.

Nazungumzia zile programu unazozikuta ndani kabla hujatia hata laini. Duka la pili la programu kando ya Play Store. Kivinjari cha pili. Michezo ambayo hukuiomba, habari za udaku, kisafishaji cha simu ambacho chenyewe ndicho uchafu, na ile folda ya "programu maarufu" ambayo ukiigusa kwa bahati mbaya inaanza kupakua vitu. Zinakula nafasi na chaji. Na kwa sisi tunaonunua bando la siku au la saa moja, zinakula pesa.

Shangazi yangu ana kibanda cha mboga Kawangware. Aliponunua simu mpya aliniletea nimhamishie namba zake. Tukaiwasha, tukachagua lugha, tukaunganisha intaneti, halafu ukaja ukurasa wenye orodha ndefu ya programu, kila moja imeshatiwa tiki. Kitufe cha kukubali zote kilikuwa kikubwa, rangi ya buluu. Cha kuruka kilikuwa kule juu pembeni, maandishi ya kijivu, membamba, kama vile kimewekwa kwa kulazimishwa. Nikaanza kutoa tiki moja moja.

"Hizo unazotoa ni mbaya?" akauliza.

"Si lazima ziwe mbaya, shangazi. Lakini zitamaliza bando kabla hujampigia mtu."

"Na ni nani aliyezitia?"

Jibu lake liko kwenye hesabu. Simu ya bei ya chini haimwachii mtengenezaji faida kubwa. Mwaka 2018 Xiaomi ilitangaza hadharani, kupitia mwanzilishi wake Lei Jun, kwamba faida yake halisi kwenye vifaa haitapita asilimia 5. Wengi walipiga makofi, na kwa haki, maana bei zilikuwa nzuri kweli. Lakini kampuni haiishi kwa makofi. Pesa iliyobaki inatafutwa kwenye huduma za intaneti, na matangazo yamo humo. Ndiyo maana kwenye Redmi, simu za bei nafuu za Xiaomi, unaweza kukutana na tangazo ndani ya programu ya kawaida kabisa, ya kupanga mafaili au ya kuchagua mandhari. Watengenezaji wa programu nao hulipa ili ziwekwe ndani ya simu kabla haijafika dukani. Punguzo unaloliona kwenye bei limelipwa na mtu, na huyo mtu anataka kitu kutoka kwako.

Tecno, Infinix na itel ni ndugu wa tumbo moja. Zote ni za Transsion ya Shenzhen, kampuni inayoongoza soko la simu Afrika. Sitaki kuwaonea. Hao ndio waliotufikiria mapema: laini mbili, betri kubwa, kamera iliyorekebishwa ili uso mweusi usipotee kwenye kiza. Kwenye sanduku la Infinix ya bei ya kati utapata chaja na kava, wakati wengine wanakuuzia simu na waya tu. Na si kila walichoweka ni takataka. Boomplay, ya kusikiliza muziki, ina watu wake wengi wanaoipenda, na Carlcare inakusaidia simu ikiharibika. Shida yangu ni kwamba vizuri na vibaya vimefungwa kifurushi kimoja, na vingi vya humo havina kitufe cha kusanidua.

Tena si suala la kukereka tu. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Secure-D, pamoja na waandishi wa BuzzFeed News, walieleza jinsi simu za Tecno W2 zilivyouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, Ethiopia na Ghana zikiwemo, zikiwa na virusi viwili ndani, Triada na xHelper. Virusi hivyo vilipakua programu nyingine na kujaribu kuwaandikisha wenye simu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Transsion ilimlaumu msambazaji mmoja katika mnyororo wake ambaye haikumtaja, na ikasema ilishatoa marekebisho. Sawa. Lakini ona mahali mlango ulipoachwa wazi. Watu wengi wakishika mfumo wa simu kabla yako, kila mmoja akiongeza chake, huwezi kujua nani aliongeza nini. Na simu yako wewe ina M-Pesa, ina Fuliza ya kukopa, ina benki, ina eCitizen ya huduma za serikali.

Kwa hiyo nikipima simu, naangalia mambo mawili kabla ya kamera: nini kinafutika, na masasisho ya usalama yataendelea kwa miaka mingapi. Hili la pili watu hulipita haraka, na ndilo linaloonyesha kama simu ni nafuu kweli au ni ya bei ya chini tu. Samsung Galaxy A16, iliyotoka mwisho wa 2024, iliahidiwa matoleo sita ya Android na miaka sita ya masasisho ya usalama. Kwa simu ya daraja lake hiyo ni ahadi kubwa. Infinix Note 40 ya mwaka huo huo iliahidiwa matoleo mawili na miaka mitatu ya usalama, na hiyo ni ya juu kidogo katika ukoo wake. Ukishuka kwenye Infinix Smart na Tecno Pop, ahadi inakuwa nyembamba au haipo. Gawa bei kwa miaka, kisha niambie ipi ni ghali.

Sisemi Samsung ni watakatifu. Ukiiwasha utakuta Facebook, utakuta programu za Microsoft, utakuta Galaxy Store inayoshindana na Play Store. Januari 2019 Bloomberg iliandika kuhusu wateja waliogundua kwamba Facebook kwenye Samsung zao haifutiki, inazimwa tu. Na mwaka 2025 SMEX, shirika la haki za kidijitali lenye makao Lebanon, liliiandikia Samsung barua ya wazi kuhusu AppCloud, programu iliyopachikwa kwenye simu za A na M zinazouzwa Asia Magharibi na Afrika Kaskazini, ambayo mtu wa kawaida hawezi kuitoa. Kwa hiyo hata humo kagua. Tofauti ni kwamba ukishatoa na kuzima unavyoweza, simu inatulia. Haikuamshi usiku kukwambia kuna mchezo mpya wa kupanga matunda.

Usafi wa kweli uko kwenye Pixel, simu za Google yenyewe. Kuanzia Pixel 8 ya Oktoba 2023, Google inaahidi miaka saba ya masasisho. Lakini Google haina duka rasmi la Pixel Kenya, kwa hiyo nyingi unazoziona mjini ni zilizotumika ng'ambo, zimekuja na waagizaji binafsi. Nyingine zimefungwa kwenye mtandao wa nchi ilikotoka, nyingine zimebadilishwa kioo. Kwa hiyo ukienda njia hii, bonyeza *#06# mbele ya muuzaji uone IMEI, namba ya utambulisho wa simu, linganisha na sanduku na risiti, tia laini yako mwenyewe upige simu mkiwa hapo hapo. Kama huna uvumilivu wa hayo, achana nayo. Na tusidanganyane: Pixel ni safi kwa kipimo cha Google yenyewe. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34, na mojawapo ya makosa yaliyotajwa ni kuwabana watengenezaji wapakie Chrome na Google Search ili wapate Play Store.

Zamani kidogo jibu lilikuwa jepesi: nunua Nokia. Kampuni ya HMD ilizitengeneza kwa mpango wa Android One, mfumo mtupu usio na mapambo, na hata Xiaomi ilijaribu njia hiyo kwa Mi A1, A2 na A3. Mpango umefifia. Hadi leo nawajua watu wanaong'ang'ania Nokia zao zenye kioo cha ufa kwa sababu hiyo tu.

Kuna ujanja mwingine unaopaswa kuujua kabla ya kutoa pesa, na unahusiana na haya yote. Nikiwa Luthuli nilionyeshwa simu yenye stika ya RAM 8.

"Nane za kweli, boss, ama nne na nne?"

Kijana akacheka. "Aah, wewe ni fundi. Ni nne, hizo zingine ni za kuongeza."

Hizo za kuongeza ni kipande cha hifadhi ya kawaida ya simu kilichogeuzwa kifanye kazi ya RAM, yaani kumbukumbu ya programu zinazotumika kwa wakati huo. Karibu kampuni zote zinafanya, kila moja na jina lake la kupendeza. Hifadhi ina kasi ndogo sana kuliko RAM, kwa hiyo msaada wake ni mdogo, na nafasi ya picha zako inapungua. Simu yenye RAM 4 za kweli na programu chache zinazozunguka nyuma itakuwa nyepesi mkononi kuliko yenye "8" iliyobebeshwa mzigo. Hapo ndipo programu za kulazimishwa zinapouma zaidi: zinamuumiza mwenye simu ndogo. Mwenye simu ya laki na nusu hata hazioni.

Simu za mkopo nazo ni jambo la peke yake. Tangu Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom ilipoanza mwaka 2020 kwa shilingi 20 kwa siku, na M-KOPA ikiwa kila mtaa, watu wengi walipata simu ambayo wasingeweza kuilipia kwa mkupuo. Nashukuru zipo. Ila jua kwamba ndani yake kuna programu ya kufunga simu usipolipa, na hiyo huigusi mpaka umalize deni. Jumlisha malipo yote ya siku kabla ya kutia sahihi, kisha linganisha na bei ya taslimu.

Kama tayari una simu iliyojaa, si lazima uiuze. Ingia Mipangilio, halafu Programu, pitia orodha yote. Penye Sanidua, sanidua. Penye Zima peke yake, zima. Haitafutika lakini haitaamka wala kujisasisha. Kwenye Redmi, ingia kwenye ruhusa za faragha na uondolee kibali programu inayoitwa msa, kisha zima "mapendekezo" kwenye kila programu ya kampuni. Maduka ya programu ya kampuni yazimie arifa na data ya chinichini. Anayeweza kutumia kompyuta na amri za ADB, njia ya kuiamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta, anaweza kuondoa hata zile zisizo na kitufe, ingawa zitarudi akirejesha simu kama ilivyotoka kiwandani. Hapo lakini uwe unajua unachogusa, maana ukitoa ya mfumo wenyewe simu inaweza kukataa kuwaka.

Ningependa Mamlaka ya Mawasiliano iweke sharti moja tu: kisicho cha lazima kwa simu kufanya kazi kiwe na kitufe cha kukifuta. Si wazo langu. Januari 2020 mashirika zaidi ya 50, yakiongozwa na Privacy International, yaliiandikia Google kuomba karibu hilo hilo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Kumlazimisha mtu abebe programu inayokusanya taarifa zake bila njia ya kuitoa kunastahili kuulizwa swali chini ya sheria hiyo.

Kwa sasa ushauri wangu ni huu. Ukiwa na elfu ishirini na kitu, chukua Galaxy A yenye ahadi ndefu zaidi ya masasisho unayoweza kuimudu, ukubali kwamba inachaji taratibu na chaja utainunua kando. Ukiwa chini ya elfu kumi na tano, Redmi ya kawaida iliyozimwa matangazo itakufaa kuliko wengi wanavyosema. Unataka Tecno au Infinix kwa sababu ya betri na chaji ya haraka? Nunua, lakini tenga jioni moja ya kuisafisha kabla ya kuitia laini yenye M-Pesa. Na popote utakapoenda, usiondoke na sanduku lililofungwa. Mwambie muuzaji aiwashe, aingie Mipangilio, afungue Hifadhi, muone mfumo umeshachukua gigabaiti ngapi kati ya zile 64 zilizoandikwa nje. Wengine watanuna. Duka la pili liko hatua tatu.