Kitabu cha Linux usikipime kwa unene

Wiki iliyopita dogo mmoja wa mtaani kwetu, anasoma diploma ya IT, kanitumia WhatsApp picha ya kitabu cha Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, kitabu kinene kama tofali, anauliza "kaka hiki kinafaa? jamaa anataka elfu thelathini". Nikamwambia usilipe kwanza, fungua kurasa za mwisho kwenye faharasa, nipigie picha herufi I na herufi S. Akashangaa, herufi za nini tena, nikamwambia we tuma tu mdogo wangu.

Elfu thelathini kwa mwanafunzi ni hela nyingi sana jamani, na mi nilishapita hapohapo. Mwaka 2016 nilinunua kitabu cha Linux kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, kurasa zaidi ya elfu moja, nyuma kimebandikwa sidii za Red Hat Linux 9, yaani Linux ya kampuni ya Red Hat. Nilirudi nyumbani na furaha hiyo, naona nimepata kitabu na mfumo wenyewe humohumo. Kumbe Red Hat Linux 9 ilitoka Machi 2003 na ndo ilikuwa ya mwisho kwa jina lile, baada ya hapo wenyewe wakahamia kwenye Linux zao nyingine, Enterprise na Fedora, kwa hiyo kitabu changu kilikuwa kinaeleza kitu ambacho hakuna mtu anakitumia tena. Mi laptopu yangu ilikuwa na Ubuntu 16.04, ambayo ni aina nyingine ya Linux, nikawa nafuata mstari kwa mstari, kitabu kinasema fungua faili la /etc/inittab, nalitafuta halipo, kinasema andika chkconfig, naandika, mashine inasema haiijui hiyo komandi. Wiki mbili nzima naamini mi ndo sina kichwa cha haya mambo. Na hilo ndo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu mtu anayejifunza peke yake chumbani kitu kikigoma anajilaumu yeye, hawezi kujua kwamba kitabu ndo kimepitwa.

Kilichotokea ni kwamba namna Linux inavyowasha huduma zake ilibadilika karibu yote. Fedora waliingiza systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma, mwaka 2011, Debian (aina nyingine ya Linux) na Ubuntu wakafuata 2015, zile ranileveli (hali za kuwashia mashine) na faili lake la inittab ambazo vitabu vya zamani vinazipa sura nzima zikabaki historia, sasa hivi unatumia komandi ya systemctl. Kwenye mtandao nako hivyohivyo, komandi ya ifconfig iliyofundishwa miaka na miaka siku hizi kwenye distro (aina za Linux) nyingi huikuti mpaka uiweke mwenyewe, iliyopo ni ip. Ndo maana nikataka herufi I na S. Ukikuta inittab ipo halafu systemctl haipo popote, rudisha kitabu mezani hata kama jamaa anashusha bei.

Ila usije ukanielewa vibaya ukadhani kila cha zamani hakifai, maana kuna kitabu cha Kernighan na Pike kuhusu mazingira ya Unix, mfumo uliotangulia Linux, cha mwaka 1984, Linux yenyewe ilikuwa haijazaliwa, Torvalds aliyeiunda aliitangaza Agosti 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na bado ukikaa na kitabu kile leo ukaandika grep, komandi ya kutafuta maneno, ukaiunganisha na sort, ya kupanga mistari, kwa paipu (ile alama ya | inayopeleka majibu ya komandi moja kwa nyingine) inakubali vilevile. Paipu imo kwenye Unix tangu 1973. Kwa hiyo kitabu cha 1984 kinapumua na cha 2003 kimekufa, na sababu naiona moja tu, yule wa 1984 alikuwa anafundisha kufikiri, kwamba programu ndogo inafanya kazi moja vizuri na unaziunganisha, wakati yule wa 2003 nusu ya kitabu alikuwa anaonyesha wapi pa kubofya. Vya kubofya vinabadilika kila toleo, Ubuntu wanatoa toleo kila baada ya miezi sita, sasa kitabu kilichojaa skrinishoti kitaifukuzia mpaka lini?

Ndo maana mi nikishika kitabu cha Linux, ukiacha faharasa, naangalia picha. Kama kurasa mia za kwanza zote ni picha za kuinstoli na kubadilisha rangi ya skrini, nakiacha. Nataka ndani ya kurasa chache niwe nimeshafungua teminali, lile dirisha la kuandikia komandi, naandika kitu, na mwandishi ananiambia kwa nini imejibu hivyo.

Kwa anayeanza kabisa mi namtuma kwa William Shotts, The Linux Command Line, na sababu ya kwanza ni kwamba PDF yake mwandishi mwenyewe ameiweka bure kwa leseni ya Creative Commons, hauibi kwa mtu. Ina kurasa zaidi ya 500 lakini haikuchoshi, anakuanzisha na kutembea ndani ya mafolda mpaka mwisho unaandika skripti zako. Kingine ni kile cha wasimamizi wa Debian cha Hertzog na Mas, nacho bure, na uzuri wake unaandika apt install debian-handbook kitabu kinashuka kwenye mashine, basi unasoma hata bando likiisha. Hicho ni cha mtu anayetaka kushika seva, usianze nacho. Cha Brian Ward, How Linux Works, toleo la tatu la 2021, hicho unanunua, na mi nasema nunua ukishazoea teminali, maana anaeleza kinachotokea toka unawasha mashine mpaka unaingiza paswedi na bila mazoezi kidogo maelezo yale yatakupita.

Vya mitihani ya vyeti vya Linux, LPIC na RHCSA, viache mpaka uwe na tarehe ya mtihani. Si vibaya, ila vimepangwa kwa kufuata silabasi, unakariri swichi (vile vifupi vya ziada kama -l) za komandi ambayo hujawahi kuihitaji.

Halafu kuna man, komandi inayokufungulia mwongozo wa komandi nyingine, ambayo watu wanaipuuza na iko bure ndani ya mashine. Ukiandika man passwd unapata maelezo ya komandi ya kubadilisha paswedi, ukiandika man 5 passwd unapata maelezo ya faili la /etc/passwd, jina moja kurasa mbili, na mi nilikaa muda mrefu bila kujua hiyo namba ni ya sehemu ya mwongozo kwa sababu kitabu changu hakikusema. Kitabu kizuri kinakufundisha kusoma man mapema ili baadaye usikihitaji.

Natamani sana hivi vitu viwepo kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, watu walikaa chini wakatafuta maneno ya menyu zote, kwa hiyo isiseme mtu lugha haiwezi. Kitabu cha Shotts kinaruhusu kugawa bure, ila leseni yake haikubali kutoa tafsiri bila kumuomba mwenyewe, basi aombwe, au tuandike chetu.

Dogo alituma zile picha. Inittab ipo, systemctl hamna. Akaachana nacho, akaidaunilodi ile PDF ya Shotts kwa waifai ya chuo. Juzi usiku saa nne kanitumia skrinishoti ya teminali, kaandika ls -l, komandi ya kuorodhesha mafaili, kwenye folda lake, anauliza "kaka hizi rwx rwx zinamaanisha nini". Nikamwambia soma sura ya tisa, ile ya ruhusa za mafaili, kesho uje na laptopu.