Je, Merere alikuwa msaliti?

Katika makumbusho ya Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, fuvu linalotambuliwa kuwa la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, limehifadhiwa ndani ya kabati la kioo. Wajerumani walilichukua alipokufa mwaka 1898, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza lirejeshwe, lakini halikurudi hadi 1954. Mgeni hutoka hapo akiwa na picha ya shujaa wa taifa, na anayo haki, kwa kuwa ni Wahehe walioangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski pale Lugalo mnamo Agosti 1891.

Simulizi ya Usangu ni nyingine. Kabla Wajerumani hawajafika nyanda hizi, Wahehe walikuwa wamewang'oa Wasangu katika nchi yao, na mtawala wao, Merere, akakimbilia Usafwa na kujenga ngome Utengule, karibu na Mbalizi ya leo. Vita vya Mkwawa na Wajerumani vilipopamba moto, Wasangu waliwaunga mkono Wajerumani, na nguvu za Wahehe zilipovunjika wakarejea kwao.

Wanaopendelea simulizi moja ya taifa wana hoja nzito. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 haikupata utulivu kwa bahati; mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, wakati Spika wa Bunge akiwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa na mwenyewe chifu wa Wahehe. Kufukua ugomvi wa mababu, wanasema, ni kumpa mwanasiasa mchovu silaha ya bure.

Hata hivyo, simulizi hiyo humfanya Merere msaliti, nami najiuliza: msaliti wa nani? Tanganyika haikuwapo. Hata Uhehe ulikuwa dola changa, uliojengwa na Munyigumba, baba yake Mkwawa, kwa kuunganisha tawala ndogondogo, mara nyingi kwa mkuki. Kwa Msangu aliyepoteza mashamba yake, adui aliyemjua alitoka Iringa, si Berlin.

Hofu ya ukabila nayo inapungua nguvu mtu akitazama Wahehe na Wangoni, ambao walipigana vikali katika karne hiyohiyo na leo ni watani wanaozodoana hata msibani bila mtu kununa. Nakiri kwamba utani una mipaka yake inayojulikana kwa wote, ilhali jukwaa la kampeni halina. Kwa hiyo sioni ubaya mtoto wa shule ya msingi akianza na Lugalo peke yake. Wa sekondari, hasa huko Mbarali, wilaya yenye nchi ya Wasangu, afundishwe na habari za Utengule.