Minnesota si kujivulia tu

Makala nzuri, ila hapo mwandishi uliposema Minnesota, jimbo hili la Marekani, ina maziwa zaidi ya 10,000 na kila mtu anajivulia tu, sikubali. Tunaoishi huku tunakata leseni kwanza, na samaki aina ya walleye wana idadi yao, ukizidisha, faini. Sheria hizi hazikutoka hewani. Red Lake, kule kaskazini, ilivuliwa mpaka walleye wakakaribia kwisha miaka ya 1990. Mwaka 1999 Waojibwe, wenyeji wa asili wenye sehemu kubwa ya ziwa hilo, walikubaliana na serikali ya jimbo kusitisha uvuvi wa walleye, wakapanda vifaranga na kusubiri hadi 2006. Sisi kwetu Victoria, omena ikifungwa miezi minne tu, kelele!

Na aliyeuliza hapo juu watu wanavuaje ziwa likiganda: unatoboa barafu kwa keekee kubwa, unashusha ndoano yenye kisamaki hai, unakaa. Tundu huanza kuganda tena, kwa hiyo una upawa wenye matundu wa kuopolea vipande. Barafu iwe ang'avu, unene angalau sentimita 10, ndipo uikanyage. Gari linataka zaidi ya mara mbili ya hapo, na bado mimi langu naliacha ufukweni.