Sikufuta Databesi, Nilibadilisha Majina Tu

Kwanza niliweke hili sawa: sikufuta databesi. Jirani yangu wa dawati ameshatangaza kwenye magrupu yote, hadi lile la ukoo wao, kwamba nimefuta databesi ya shule nzima. Uongo mtupu. Wanafunzi wote walikuwepo, hakuna hata mmoja aliyepotea. Ila wote walikuwa wanaitwa Chapati Maharage.

Tulieni, nakuja.

Kinachouma ni kwamba wiki hiyohiyo mimi ndiye niliyekuwa nahubiri pale ofisini. Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo alikuwa ametapakaza anwani ya IP (namba ya mashine kwenye mtandao), 192.168 na ndugu zake, kwenye mafaili chungu nzima ya mfumo wa ada. Nikamweka kitako. "Mdogo wangu, IP inahama. Siku ruta ikiamua kugawa namba upya, utahariri faili mojamoja mpaka usiku. Andika jina la seva, namba utaibadilisha sehemu moja tu." Niliongea kwa sauti ya mzee wa baraza. Na nayasimamia hata leo. Tatizo kuna jina moja ambalo halina tabia ya majina.

Sasa, seva yetu ya majaribio haifikiki moja kwa moja, lazima upitie seva kuu, ile yenye wanafunzi wa kweli. Nikaingia seva kuu, nikachimba handaki la SSH, yaani njia ya faragha kati ya mashine mbili: poti (mlango wa mtandao) 3307 ya pale itokezee kwenye MySQL, programu inayotunza databesi, ya seva ya majaribio. Nilitaka kuona kama mwanafunzi mwenye jina refu ataenea kwenye SMS ya herufi 160, maana zikizidi inakatwa vipande na tunalipia kila kipande. Nikaandika, kwa madaha kabisa:

mysql -h localhost -P 3307

Wanaoijua kazi hii wameshashika kichwa. Kwa wengine: kwenye Linux, ukimtajia MySQL wetu "localhost", jina linalomaanisha mashine hiihii uliyopo, hatafuti anwani yoyote wala hagusi mtandao. Anapita kwenye soketi, faili lililo humohumo ndani ya mashine, na ile poti uliyompa anaipuuza kimyakimya. Hakwambii hata "samahani kaka, nimepitia uani". Ningeandika 127.0.0.1, yaani IP ya mashine hiyohiyo, kitu kilekile nilichokisema vibaya mbele ya kijana wa watu, angepita handakini bila neno.

Kwa hiyo nilikuwa ndani ya databesi ya kweli. Nenosiri lilikubali kwa sababu seva zote mbili zilikuwa na nenosiri moja (mnaotaka kunitukana pangeni foleni, bosi bado hajamaliza). Jina la databesi nalo ni lilelile.

Nikaandika UPDATE, amri ya kubadilisha data: jina la kila mwanafunzi liwe CHAPATI MAHARAGE BIN SUPU YA UTUMBO. Sikuweka WHERE, sharti la kuchagua nani aguswe. Ya nini, wakati seva ya majaribio ina wanafunzi wasiofika hamsini? Nikabonyeza Enter.

Siku zote jibu linarudi kabla kidole hakijainuka. Safari hii likasita. Kidogo tu, lakini nikapata muda wa kunyanyua kikombe cha chai. Kikombe kikiwa kati ya meza na mdomo, jibu likatoka: mistari 2,316 imebadilika.

Nikasoma tena. Elfu mbili. Nikajiambia labda kuna mtu kaongeza wanafunzi wa majaribio. Nikaiuliza mashine jina lake, ikataja seva kuu. Chai haikurudi mezani, haikufika mdomoni. Kwa mkono mmoja nikaandika ROLLBACK, amri ya kutengua, kwa herufi kubwa, eti asikie vizuri. MySQL akanijibu sawa, na hakurudisha kitu, kwa sababu usipofungua muamala (kundi la amri zinazosubiri uthibitishe) mwenyewe, kila amri yako anaipitisha palepale. Nikatazama saa ya ukutani. Saa nne kasoro dakika moja.

Saa nne kamili mfumo hutuma SMS za kukumbusha ada.

Jamani, katika dakika ile nilizima kila kitu nilichoweza kukizima isipokuwa kile kinachotuma SMS. Ikaita simu ya jirani yangu, kwani naye ana mtoto pale. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, ofisi nzima imenyamaza: "Ndugu mzazi wa CHAPATI MAHARAGE BIN SUPU YA UTUMBO, unakumbushwa kulipa ada ya muhula."

Akanigeukia. "Kaka, mwanangu wa kike. Si ungeandika hata *binti*?"

Herufi zilienea, kama kuna anayejali.

Yaliyofuata ni ya kawaida: nakala ya usiku ikapatikana, majina yakarudi kabla ya adhuhuri, SMS ya kuomba radhi ikatoka, Mwalimu Mkuu akapiga, bosi akapiga, mama mmoja akapiga kuuliza kama siku hizi ada inajumuisha chakula. Manenosiri yametenganishwa. Kijana wa mafunzo amebandika karatasi juu ya skrini yangu imeandikwa 127.0.0.1, na ananiamkia kwa heshima inayotia shaka.

Ila kuna mzazi mmoja alilipa papo hapo kwa simu, na risiti ikatoka kabla sijarudisha majina. Mhasibu wa shule amegoma kuigusa, anasema risiti ikishatoka imetoka. Kwa hiyo kwenye vitabu vyake vya muhula huu, anayeongoza kwa kulipa ada mapema ni Chapati Maharage.