Kwetu Tanzania tunauliza "kawa wa ngapi", huku Marekani shule ndo inaulizwa

Juzi mama kanipigia simu, nimeshika simu tu, shikamoo mama, marahaba, wazima huko, hapohapo akauliza, "Matokeo ya mjukuu wangu si yametoka? Kawa wa ngapi?" Karatasi ninayo mkononi naiangalia. Kuna alama za kusoma, kuna za hesabu, kuna mchoro wa rangi unaoonyesha mwaka jana alikuwa wapi na mwaka huu kasogea mpaka wapi, kuna mpaka asilimia ya watoto wa Texas nzima waliopata sawa naye au chini yake. Nafasi ya darasani hakuna, nimegeuza mbele na nyuma, hakuna. Nikamwambia mama huku hawapangi namba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa utajuaje kama ana akili?"

Wiki nzima niko na hilo swali, nimeshindwa kulala nalo nikaona niandike. Najua mtakuja na lenu, "umekaa Houston miaka mitatu tayari unatufundisha", njooni tu, nitajibu.

Kwa wasiojua, Marekani sheria ya nchi inataka kila mtoto kuanzia darasa la 3 mpaka la 8 apimwe kusoma na hesabu kila mwaka. Kila jimbo lina mtihani wake, wa Texas unaitwa STAAR. Mwaka jana mwanangu kwenye kusoma aliangukia daraja la chini kabisa, lile la hajafikia kiwango. Mtihani wenyewe kwa madarasa ya chini upo pia kwa Kihispania, Kiswahili ndo hakuna, mtoto kapambana na Kiingereza chake cha kuokoteza. Nikaitwa shule. Nilienda tumbo joto, najua naenda kusemwa, nishaandaa na maneno ya kuombea msamaha.

Mwalimu akafungua kompyuta akanisogezea kiti. Akanionyesha swali kwa swali: haya ya kutafuta kitu kilichoandikwa kwenye habari anapata, haya ya kwanini mtu fulani kwenye hadithi kafanya vile anakosa yote. Halafu akaniambia shule itafanya nini. Atawekwa kwenye kikundi kidogo, masaa kadhaa ya ziada, ndani ya muda wa shule, bure, maana sheria ya jimbo inailazimisha shule kumsaidia kila mtoto ambaye hajafikia kiwango. Mimi nasubiri nigombezwe, kumbe anayejieleza ni yeye. Na shule nayo ina herufi yake, A mpaka F, ya kwetu ilikuwa C, na mwalimu mkuu alisimama mbele ya wazazi akaeleza kwanini ni C na ipi haijaenda vizuri. Hakuna jina la mtoto hata mmoja lililotajwa, sheria ya 1974 inalinda taarifa za mwanafunzi, mzazi unaona za mwanao basi.

Sasa nikikumbuka ya kwetu naumia. Tulivyokuwa darasa la saba matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, yalibandikwa mlangoni kwa ofisi ya walimu, majina yote, wa kwanza mpaka wa mwisho, na katikati mstari wa kalamu nyekundu. Chini ya mstari ni fimbo. Ile karatasi ilikaa pale wiki kadhaa, majina ya juu yakafutika kwa kushikwashikwa na vidole vya watoto, ya chini yakabaki yanasomeka vizuri kabisa maana hakuna aliyetaka kuyagusa. Nilikuwa wa nne, wala sijioni mjanja, nakaa na aliyekuwa wa mwisho dawati moja na najua alikuwa haoni ubaoni, ananakili kwenye daftari langu. Mwaka mzima tulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu kwa mikondo yote, na hilo hakuna aliyelibandika mlangoni.

Kuna mtu ananiambia hata huko kwetu walimu wanawajibishwa. Kweli? 2009 mkuu wa wilaya Bukoba aliamuru walimu wa shule za msingi wachapwe viboko kisa matokeo ya darasa la saba, mpaka Rais Kikwete akamfukuza kazi. Kumchapa mwalimu mwenye mikondo mitatu peke yake, huo ni uwajibikaji gani? Ni fimbo ileile tu imepanda juu kidogo.

Na nawapa haki yao NECTA, baraza la mitihani la kwetu, Januari 2023 walitangaza hawatataja tena shule bora na wanafunzi bora, nilifurahi sana. Lakini sisi wazazi tumeacha? Mabango bado tunayaona, sura ya mtoto wa miaka 13 na alama zake chini. Kambi za kulala shuleni kujiandaa na mtihani bado zipo. Na kwa miaka mingi matokeo ya darasa la saba yalitoka na jina kamili la mtoto na daraja la kila somo, dunia nzima inasoma, mpaka jirani mbaya anajua mtoto wako kapata E ya hesabu.

Msinibebeshe maneno, sijasema Marekani pepo. Huku pia mtihani umewavuruga. Atlanta kwenye mitihani ya 2009 walimu na wakuu wa shule walifuta majibu ya watoto wakaweka ya kwao, 2015 watu 11 wakatiwa hatiani. Hapa Houston kwenyewe, 2023 jimbo liliiondoa bodi ya shule iliyochaguliwa na wananchi likaweka watu wake, na sababu mojawapo ni shule moja iliyofeli miaka mfululizo, wazazi wengi walipinga na wanapinga mpaka leo. Shule zenye herufi nzuri nyingi ziko kwenye mitaa ya wenye nazo. Na STAAR yenyewe wameichoka, wameshapitisha sheria ya kuiondoa, kuanzia mwaka wa masomo 2027-28 inakuja mitihani mitatu mifupi.

Na akili ya mtoto wetu sitaki mtu anidharaulie. Mwanangu alianzia shule nyumbani, darasa limejaa mpaka mlangoni, na jedwali la kuzidisha analo lote kichwani, wenzake hapa wanahesabu vidole yeye kashamaliza. Walimu wetu walifanya hiyo kazi na chaki tu. Ndo maana inaniuma, watu wanaoweza kufundisha hivyo halafu tukishapima tunachukua namba tunampiga nayo mtoto kichwani, basi, mpaka mwakani.

"Sisi si tulichapwa tukafaulu?" Tulifaulu tunaoandika hapa. Jirani yangu wa dawati hayupo humu kujibu.

Nasikia kwa sera mpya darasa la saba lenyewe linaondoka, msingi unakuwa miaka sita na mtoto anaendelea mbele bila mchujo. Sawa, naombea. Ila mpwa wangu anafanya Septemba hii, dada analipia kambi, nikamwambia dada, nenda kwa mwalimu mkuu umuulize kwenye moko darasa zima limefeli wapi na shule imepanga nini kabla ya Septemba. Akaniambia, "Kaka, wewe uko Houston. Nikiuliza hivyo mimi narudi nyumbani, anayebaki na mwalimu darasani ni mtoto."