Nywila ya skripti inalala wapi?

Chukua seva ya SACCO ndogo. Saa nane usiku skripti (faili la amri zinazojiendesha zenyewe) inamaliza kutengeneza nakala rudufu ya hesabu, inaandika taarifa ya mistari mitatu, inaikabidhi kwa msmtp, programu ndogo ya kutuma barua pepe, na asubuhi mhasibu anaikuta kwenye barua pepe yake. Hakuna aliyebonyeza kitu. Hiyo ndiyo raha ya kutuma barua pepe kutoka kwenye terminali, yaani kwa amri za maandishi, na mabishano nayo yanaanzia hapo hapo. Ili skripti itume bila mtu, lazima iwe na ufunguo wa akaunti, na ufunguo huo lazima ulale mahali fulani ndani ya mashine hiyo hiyo.

Wanaopinga utaratibu huu wana hoja nzito. Tangu tarehe 30 Mei 2022 Google ilizuia programu zinazoingia kwenye Gmail ya mtu binafsi kwa jina na nywila ya kawaida peke yake. Njia rahisi iliyobaki ni nywila ya programu, yenye herufi 16, ambayo huipati mpaka uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Wengi wanaichukulia kuwa ni nywila ya kutuma barua tu. Sivyo. Aliyeiiba anaweza kufungua kisanduku chote kwa IMAP (njia ya kusoma barua zilizo kwenye seva) na kusoma barua za miaka, wala haulizwi ile hatua ya pili. Kwa hiyo wapinzani wanashauri: achaneni na nywila kabisa, hamieni OAuth, ambako mwenye akaunti anaipa programu ruhusa bila kuipa nywila.

Hapa siwafuati moja kwa moja. OAuth inafaa sana pale ambapo mtu yupo mbele ya skrini akakubali mwenyewe. Kwenye seva isiyo na mtu, skripti inahitaji tokeni (ufunguo wa kidijitali) ya kujipatia ruhusa mpya kila mara, na tokeni hiyo nayo ni faili kwenye diski. Mwizi aliyefika kwenye faili la nywila atafika na kwenye faili la tokeni. Tena, ukitaka kutuma Gmail kwa SMTP, njia ya kawaida ya kutuma barua pepe, ukitumia OAuth, ruhusa inayotolewa ni ya barua zote, kusoma na kufuta ikiwemo. Ruhusa finyu ya kutuma tu ipo, lakini kwa wanaopitia API ya Gmail (mlango wa programu kuzungumza na Gmail moja kwa moja), siyo SMTP. Kuna na kero nyingine: mradi wa Google ulioachwa kwenye hali ya majaribio, tokeni yake hufa baada ya siku 7, na taarifa za usiku zinakoma bila mtu kujua. Kwa seva yenye msimamizi mmoja, tena mwenye kazi nyingine kumi, hilo si jambo dogo.

Hatari ninayoiona ikijirudia ni ya karibu zaidi. Mtu ananakili mahali amri ya mailx, programu nyingine ya kutuma barua, nywila ikiwa imeandikwa ndani ya amri yenyewe. Amri hiyo inabaki kwenye .bash_history, faili linalotunza amri ulizoandika. Na ikiwa inaendelea kufanya kazi, mtumiaji mwingine yeyote wa mashine akiandika ps, amri ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa, anaweza kuiona, kwa kuwa Linux kwa kawaida haifichi amri za wenzako. Hapo hata fiche (ufungaji wa ujumbe usisomeke na wengine) iwe imara namna gani njiani, nywila imeshatoka. Naipenda msmtp kwa sababu ina msimamo: ukiweka nywila kwenye .msmtprc, faili lake la mipangilio, na faili hilo likawa linasomeka na wengine, inakataa kutuma mpaka uandike chmod 600, amri inayoliacha lisomwe na mwenyewe tu. Ina pia passwordeval, inayoita amri nyingine ilete nywila wakati wa kutuma, kwa mfano kutoka kwenye faili lililofungwa kwa GnuPG, programu ya kufunga mafaili na ujumbe kwa fiche. Ila seva ikizimika na kuwaka usiku, nani ataiandikia GnuPG nywila ya kufungulia faili hilo? Kwa skripti ya usiku, faili la 600 ndilo linalotumika, tukubali tu.

Kuhusu njia yenyewe ambayo barua inapita kutoka seva hadi kwa mtoa huduma sitakawia. Poti 587 huanza mazungumzo waziwazi kisha hupanda kwenye TLS (fiche ya mawasiliano ya mtandao) kwa mwaliko uitwao STARTTLS, na aliyekaa katikati anaweza kujaribu kuufuta mwaliko huo. RFC 8314, waraka wa viwango vya intaneti wa Januari 2018, ilipendekeza poti 465, ambako fiche inaanza tangu mwanzo. Wanaotuma kwa programu ya curl waandike --ssl-reqd, maana --ssl peke yake hujaribu tu, ikishindikana inaendelea bila fiche. Na anayezima ukaguzi wa cheti, kitambulisho cha seva ya upande wa pili, ili tu kosa lisionekane amebaki na fiche asiyojua anaongea na nani kupitia hiyo.

Hata hivyo TLS inailinda barua mpaka kwenye seva ya mtoa huduma tu. Pale inafunguliwa. Kama taarifa ina majina ya wanachama na salio zao, lazima maudhui yenyewe yafungwe kwa GnuPG, na hapa terminali inaishinda simu na kivinjari. Seva inahitaji ufunguo wa hadharani wa mhasibu tu, ule wa kufungia; wa kufungulia unabaki kwa mhasibu. Aliyeivamia seva kesho hana cha kufungulia barua zilizokwishatumwa. Kichwa cha barua hakifungwi, kwa hiyo kiandikwe “taarifa ya usiku” basi, bila jina la mtu wala kiasi cha fedha.

Kwa biashara inayowaandikia wateja wengi, wapinzani wameshinda: wachukue huduma yenye ufunguo wa kutuma tu, waweke SPF na DKIM (rekodi zinazosaidia kuthibitisha kwamba barua imetoka kwao) kwenye domeni yao, waachane na Gmail ya mtu. Kwa seva ndogo ninabaki na msmtp, kwa sharti moja ambalo sitalilegeza. Akaunti inayotuma ifunguliwe kwa kazi hiyo peke yake, kisanduku chake kiwe kitupu, isiwe barua pepe ya mwenyekiti wala ya fundi. Nywila yake ikiibwa, mwizi atapata uwezo wa kutuma kwa jina la akaunti hiyo, nao unakatwa kwa kuifuta nywila ya programu kwenye ukurasa wa akaunti. Barua za watu hatazikuta, kwa sababu hazikuwahi kuwekwa humo.