Gari Ujerumani, Treni Ufaransa, Ng'onda Katikati

Jamani, mto Rhine pale Kehl una upana wa mita kama 250 tu. Huku Ujerumani, ng'ambo Strasbourg, Ufaransa. Mtoto wa Deep Sea kule Tanga anauvuka huku anatafuna muwa. Sasa wewe jaribu kukodi gari upande huu, halafu uwaambie wenye gari kwamba utaliacha upande ule. Ndipo utajua hujui.

Nilimwambia dada wa ofisini pale Freiburg, ninapoishi: "Nachukua Alhamisi, narudisha Jumamosi, Strasbourg." Akabonyezabonyeza kompyuta, akakigeuza kioo nisome mwenyewe, maana hata yeye aliona haya kutamka. Gari siku 3, euro 140. Kuliacha ng'ambo ya mto, euro 380. Nikamuuliza, likifika Ufaransa linalala hotelini? Akasema lina namba za Kijerumani, lazima mtu alipwe alirudishe kwao. Kumbe na gari nalo husafirishwa kwao kama marehemu!

Mtasema, kama safari yenyewe ni ya Paris, si ungeenda nalo tu hadi huko. Kwenda Paris na gari ni sawa na kwenda msikitini na mbuzi. Utafika, lakini mbuzi utamfunga wapi? Njia nzima unalipia barabara, ukifika, ile barabara ya kuzunguka mji mwisho wako kilomita 50 kwa saa, na maegesho yake usiniulize. Wakati huohuo pale Strasbourg kuna treni ya kasi inayopiga kilomita 320 kwa saa, saa 1 na dakika 45 hivi uko Paris unatafuta choo.

Gari lenyewe nililihitaji kwa ajili ya mama mkwe. Ametoka Tanga kuja kutusalimia, na kabla hajaenda kwa mwanawe, shemeji yangu wa Paris, alitaka kuuona ule Msitu Mweusi ambao mke wangu amekuwa akimtumia picha zake miaka 6. Mke wangu yuko zamu hospitali. Nani wa kumtembeza? Baba Zuhura.

Basi nikapiga hesabu zangu. Gari nitaliacha Kehl, bado ni Ujerumani, hakuna cha marehemu wala sanda. Halafu tunapanda tramu, laini D, ambayo tangu 2017 inavuka mto hadi Ufaransa kwa tiketi ya kawaida ya tramu. Inateremsha watu chini ya stesheni kuu ya Strasbourg. Juu, treni. Nimewapiga chenga! Nilijipongeza, nikala ndizi mbili.

Alhamisi nikaenda kuchukua gari. Kwenye karatasi palikuwa na picha ya gari la maana, na chini yake maandishi madogo: "au linalofanana nalo". Nilipewa kigari kama kopo la maziwa ya unga. Kinafanana na lile la picha kwa kuwa vyote vina matairi.

Mama mkwe ana mabegi 4. Treni ile inaruhusu mabegi 2 na mkoba 1 kwa kila abiria, na sisi tuko wawili, kwa hiyo tuko sawasawa kabisa. Isipokuwa kiroba. Kiroba cha ng'onda, wale samaki wakavu, wamefungwa nailoni tatu na kanga mbili, zawadi ya shemeji. Mama hataki kikae na nguo zake. Mimi sitaki kikae na pua yangu. Nikafunua sakafu ya buti, pale pa tairi la spea, nikakuta spea hakuna! Magari ya siku hizi wanakuwekea kikopo cha gundi na pampu kama ya mpira, pancha utajua mwenyewe. Shimo liko tupu. Kiroba kikaingia kama kilipimwa na fundi. Nikafunika sakafu, nikapanga mabegi juu. Kumbukeni hapo.

Sasa, njia ya kwenda Msitu Mweusi kutoka Freiburg inapita kijiji kinaitwa Himmelreich. Mama akaniuliza maana yake. Nikamwambia, Ufalme wa Mbinguni. Akafurahi, akasema mashaallah, Wajerumani nao wana dini. Mbele kidogo milima ikatubana kulia na kushoto, giza likaingia, kibao kingine: Höllental. "Na hiki?" Hapo nilipaswa kudanganya. Nikasema, Bonde la Jehanamu.

Kimya. Kisha nikasikia tasbihi.

"Baba Zuhura, mie nimekuja kutembea. Ya kule nitayaona siku yangu ikifika."

Titisee tuliona ziwa, tukaona na zile saa za ukutani ambazo kandege kanachomoza dirishani na kupiga kelele. Mama akauliza bei. Nilipomtajia akasema jogoo wake anaifanya kazi hiyo kwa pumba.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kurudisha. Ofisi ya Kehl Jumamosi inafunga saa 6 mchana, na Mjerumani akisema saa 6, basi saa 6 kasoro dakika 2 ameshavaa koti. Nikaondoka na nafasi ya kutosha, nikaingia barabara kuu ya A5, na ikawa ndio mwanzo wa likizo za watu. Magari yamepangana yakiwa na baiskeli migongoni. Tena lazima tangi lirudi limejaa, nikapita sheli nimwage mafuta ya euro 31 kwenye kigari kisichojua hata kushukuru. Nafika ofisini saa 6 na dakika 8. Mlango umefungwa. Pana tundu la kutupia ufunguo, na kibandiko: gari ni dhamana yako mpaka tutakapofungua Jumatatu.

Yaani ufunguo nimewapa, gari liko kwao, lakini mwenye dhamana ni mimi niliyeko Paris. Nikapiga picha 43. Milango, matairi, paa, mikwaruzo ya watu wengine, na moja ya mama mkwe, ambaye alijipanga karibu na taa ya mbele akidhani zamu yake imefika. Nikatupa ufunguo. Ulilia ndani ya tundu kama kitu kinachojua jambo nisilolijua.

Tukaburuta mabegi mpaka kituo cha tramu. Kehl pale maduka ya sigara ni kama vibanda vya chipsi kwetu, kwa kuwa sigara Ufaransa ni ghali sana, Wafaransa wanavuka kuja kununua huku. Mama anawaona watu wanashuka mikono mitupu, wanarudi na mifuko imetuna. "Wanagawa nini? Na sisi tupange foleni."

Tramu ikavuka daraja. Mama akawa anachungulia. "Mpaka uko wapi?"

"Tumeshaupita, mama."

Hakuamini. Horohoro pale unashuka, unapanga mstari, unagongewa muhuri, ukitaka unakula na muhogo wa kukaanga, unaingia Lunga Lunga unajua umeingia Kenya. Hapa mtu anabadilisha nchi amekaa, hata hajapiga chafya! Alinuna. Kituo cha kwanza wakapanda askari wawili. Tramu imejaa watu wa kila namna, lakini wao walitujia moja kwa moja, kama walikuwa na miadi nasi. Mimi jasho. Mama uso umemchanua. "Enhee, sasa ndiyo nchi." Akatoa pasipoti, akaifungua ukurasa mtupu, akamwekea askari kidole: gonga hapa. Askari akatazama viza, akamrudishia, akamtakia safari njema. Muhuri hakugonga. Mama hajamsamehe hadi leo.

Treni tuliiwahi kwa kudra. Milango inafungwa dakika 2 kabla ya kuondoka, sisi tuliingia mimi nikiwa na begi moja kichwani. Sikuona chochote njiani. Nililala kama gunia.

Shemeji alitupokea stesheni, tukaenda kwake, tukala, tukacheka. Nikasimulia nilivyowapiga chenga watu wa gari euro 380. Nilisimulia mara mbili. Katikati ya mara ya tatu shemeji akasema, "Mama, na wale ng'onda?"

Mama akanitazama mimi. Mimi nikatazama zulia.

Ilikuwa Julai, nyuzi 34. Kigari kiko juani, kimefungwa madirisha yote. Nikapiga simu, nikapigiwa muziki. Jumapili nikapiga tena, muziki uleule.

Jumatatu saa 3 asubuhi ikaja barua pepe. Usafi maalumu wa gari, euro 240. Gari kutofanya kazi siku 3, euro 145. Sikuhitaji kikokotoo. Chini waliambatanisha picha ya kiroba juu ya sakafu ya simenti, kimezungukwa na watu waliosimama mbali, na swali la heshima kabisa: hiki ni nini, na tukifanyeje?

Nikamtafsiria mama. Akavuta kiti, akakaa vizuri.

"Waandikie wasiwatupe. Wawaroweke maji ya moto, wamwage ya kwanza, kisha tui zito na ndimu. Na kanga zangu wanirudishie, zote mbili."